Kaka karudi toka vitani, mwili mzima ila hapati usingizi. Hii ndo PTSD (ugonjwa wa akili unaotokana na kiwewe, yaani mshtuko wa mambo mabaya mtu aliyopitia)?

Swali
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Kaka yangu ni mwanajeshi, huu mwaka wa 2 tangu arudi vitani na hana hata kovu, ila siyo yule tuliyemuaga. Akikaa lazima auone mlango, usiku analala kwenye kiti na mabuti miguuni, juzi upepo umebamiza mlango nikamkuta chini ya meza jasho linamtiririka. Ukimuuliza anasema yuko poa. Ndugu wengine wanasema anadeka tu, na pombe nayo imezidi. Inatibika kweli?

Jibu 1
Pole sana dada. Mimi ni mstaafu wa jeshi na hayo nimeyapitia. Mwili unarudi ila akili inabaki lindoni, kule kushtuka upesi ndo kulikuwa kunatuokoa. Nakuomba kitu kimoja, usimwamshe kwa kumgusa!! Simama mlangoni muite jina lake taratibu mpaka aitike. Mimi nilimkaba mke wangu usingizini, nikaja kushtuka nayaona macho yake, tangu siku ile nikawa naogopa kulala kuliko nilivyoogopa risasi.

Jibu 2
Kudeka siyo kabisa. Vita ya Kwanza ya Dunia wapo askari waliokuwa na hali kama hii wakaitwa waoga, wengine wakauawa na jeshi lao wenyewe. Jina PTSD limeingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani 1980, baada ya Vietnam. Dalili zikipita mwezi na zinavuruga maisha apimwe. Na inatibika dada, tiba kubwa ni mazungumzo na mtaalamu aliyesomea kiwewe, wanaifungua ile kumbukumbu kidogokidogo kwa wiki kadhaa mpaka inapoa, na dawa kama sertraline zinasaidia. Pombe inamlaza tu halafu ndoto zinarudi kali zaidi. Akianza kusema bora asingekuwepo, muulize wazi kama anawaza kujiua, kama kuna silaha iondoeni, msimwache peke yake, hospitali siku hiyohiyo.

Muuliza swali
Asanteni sana jamani. Jana usiku kapiga kelele, nikasimama mlangoni nikamuita, mara ya tatu akaitika, akauliza saa ngapi. Nikakaa pale chini kizingitini hatuongei mpaka kukapambazuka. Asubuhi kasema hospitali ataenda ila nimsindikize, nisiingie kwa daktari, nimsubiri nje.