Naomba ushauri: mwanamke aliye nyuma ya dinari ya Tiberio ni nani?

Mwalimu wa Jumapili: Ndugu zangu, salaam. Kwa ajili ya somo la Mathayo 22, ambapo Yesu anauliza sanamu na anwani iliyo kwenye dinari ni ya nani, nimenunua mtandaoni sarafu ya fedha ambayo muuzaji anadai ni ya Kaisari Tiberio. Mbele kuna kichwa cha mwanamume aliyevaa shada la majani, na nyuma ameketi mwanamke mwenye fimbo ndefu na tawi. Nimweleze vipi kwa watoto? Tena sarafu imeingia weusi, je, niing'arishe?

Mpenda Sarafu: Mwalimu, shada hilo ni la mlaureli, alama ya ushindi. Lakini anza na maandishi. Mbele pameandikwa TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS, yaani Tiberio Kaisari Augusto, mwana wa Augusto aliye mungu, kwa kuwa Augusto alitangazwa mungu alipofariki mwaka 14. Nyuma ni PONTIF MAXIM, kuhani mkuu. Kwa hiyo aliyeitoa sarafu ya namna hiyo pale Yerusalemu alikuwa amebeba sanamu ya mtu pamoja na dai la uungu, na swali la Yesu linachoma hapohapo. Mwanamke huyo wengi humwita Livia, mama yake Tiberio. Wengine, kwa sababu ya tawi, humwona kuwa ni Amani, mungu wa kike wa Warumi. Sarafu yenyewe haimtaji, nami nisingewapa watoto jina moja tu.

Sonara Mstaafu: Usiing'arishe, si kwa majivu wala kwa dawa ya meno, maana utaondoa weusi pamoja na thamani. Ipime: nyingi zina gramu 3.5 hadi 3.9. Kisha tazama ukingo. Warumi waligonga sarafu kwa nyundo kati ya mihuri miwili, kwa hiyo ukiona mstari unaouzunguka ukingo wote, shuku kwamba imemiminwa kwenye kalibu. Hata hivyo, waghushi hodari nao hugonga. Ipeleke kwa mjuzi.

Mwalimu wa Jumapili: Ina gramu 3.6, na mstari sijauona. Je, naweza kusema ndiyo dinari ya Injili?

Mpenda Sarafu: Sema "huenda ni ya aina hii", kwa sababu Injili haitaji dinari ya Kaisari yupi. Watoto waishike ukingoni, vidole vikavu.