Ctrl+Enter kutuma barua pepe bila kuuliza: nani aliamua hivi?

Wakuu, leo ni mara ya tatu na nimechoka. Nimemtumia mteja barua pepe inayoishia hivi: "Jumla ya gharama ni 0000 na hatutaweza kupunguza kwa sababu". Basi, imekatikia hapo. Kiambatisho hakuna, na hizo sifuri niliziweka kushika nafasi tu hadi mhasibu anipe hesabu kamili. Kitufe cha Tuma sikukigusa kabisa. Nilibonyeza Ctrl+Enter.

Tangu asubuhi nilikuwa kwenye Google Sheets, na kule Ctrl+Enter inashusha mstari ndani ya seli ileile. Kwenye Word inaanzisha ukurasa mpya. Ukija kwenye barua pepe, vitufe vilevile, barua imeondoka! Kwenye programu nyingi za kuchati nako Enter peke yake ndiyo inayotuma, ukitaka kushuka mstari ni Shift+Enter. Vidole havisomi jina la programu iliyofunguliwa, vinafuata mazoea.

Na msiniambie "kuwa makini". Ukikosea kushusha mstari, unafuta, yameisha. Barua ikishafika kwenye seva ya mwenzako si yako tena. Sasa iweje kitendo kisichorudi nyuma kipewe vitufe ambavyo kwingine mtu anavibonyeza kila dakika, tena kiwe kimewashwa tangu siku ya kwanza? Ukifunga hati ambayo hujaihifadhi unaulizwa kwanza. Kumpelekea mtu barua nusu, hakuna anayekuuliza!

Tab nayo ni mtego. Unaibonyeza ukidhani unasogeza mwanzo wa aya, kumbe kwenye baadhi ya programu za kivinjari umehamia kwenye kitufe cha Tuma. Enter inayofuata, kwisha habari.

Nimekaa saa nzima nikibadilisha mipangilio, kazi ambayo haikupaswa kuwa yangu. Wenye Outlook ya kompyuta, ile ya zamani: ingieni kwenye mipangilio ya barua, kuna tiki ya Ctrl+Enter kutuma ujumbe, iondoeni. Wa Gmail, muda wa kutendua (kuirudisha barua uliyokwisha kutuma) huwa ni sekunde 5, upandisheni hadi 30, ndio mwisho wake. Zinasaidia ukishtuka mapema. Mimi leo nilishtuka mteja alipojibu.

Kinga ninayoiamini ni moja: sehemu ya mpokeaji iachwe tupu hadi barua iishe. Ukiwa unajibu, futa anwani kwanza, uirudishe mwishoni. Inaudhi, lakini barua isiyo na anwani haiendi popote hata ubonyeze nini.

Anayejua namna ya kuzima Ctrl+Enter peke yake kwenye barua pepe ya kivinjari, bila kupoteza njia nyingine za mkato, aweke hatua zake hapa. Nimetafuta kwenye mipangilio yote ya programu ninayotumia, sijaiona.