Naomba ushauri: nielezeje milima inavyolika hadi kuwa tambarare?

Habari zenu wakuu. Nafundisha jiografia na kuna mada inanisumbua, naomba mwenye uzoefu anisaidie.

Mwanzo wanafunzi wanauelewa: joto, baridi na maji hupasua miamba, mvua na mito hubeba mabaki, na usawa wa bahari ndio kikomo cha mito kuchimba. Vilele vinashuka, mabonde yanapanuka, mwishowe inabaki ardhi karibu bapa yenye vilima vichache vya mwamba mgumu. Ndivyo alivyoeleza mwanajiografia Mmarekani William Morris Davis tangu mwaka 1889.

Shida inaanza hapa. Lester King, mtaalamu wa maumbo ya ardhi aliyefanya kazi Afrika Kusini, yeye alisema miteremko hailali polepole, bali hurudi nyuma ikiwa na ukali wake ule ule, na uwanda unazidi kupanuka chini yake. Isitoshe, ardhi ikipunguziwa mzigo huinuka, kwa sababu gamba la dunia limekaa juu ya tabaka zito zaidi. Mmomonyoko ukiondoa mita 1,000 za mwamba, baada ya kuinuka huko uso unakuwa umeshuka takriban mita 200 tu! Kwangu hili ndilo tamu kuliko yote, na ndilo linalowachanganya zaidi.

Je, nianze na Davis kisha nilete ukosoaji, au nifundishe nadharia zote mbili kwa pamoja? Na kuna jaribio la mchanga na maji linaloonesha mteremko ukirudi nyuma? Hata mchoro wa ubaoni utanifaa sana.