Traksuti na taiti mtaani: wapi zinapita, wapi zinagoma?

MzungukoWaAsubuhi
Wakuu, habari za asubuhi. Mazoezi yanaisha saa moja kasoro, na ukirudi nyumbani kuoga kwanza, foleni ya Dar ishashika. Matokeo yake mizunguko yote inafanyika na nguo za mazoezi: genge, wakala wa pesa, barua ya serikali ya mtaa, benki. Naomba wenye uzoefu wa mavazi mtuambie: ni nguo ipi hasa inayoleta maneno, na kwenye sehemu gani? Na je, kuna namna ya kuirekebisha bila kubeba begi zima la nguo? Mwanaume na mwanamke wote wajibiwe, maana hawapimwi kwa mzani mmoja.

MamaDoti
Watu hawaitazami traksuti kama traksuti. Wanatazama vitu vitatu: imebana kiasi gani, jasho limekauka au bado, na miguuni una nini. Suruali ya traksuti iliyolegea, fulana kavu na raba safi inapita genge, saluni, kwa wakala, hata benki. Suruali hiyohiyo ukiivalia ndala, unaonekana umetoka kitandani.

Kwa mwanamke aliyevaa taiti, dawa ni upande mmoja wa khanga. Una kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, na ukiukunja vizuri unaingia kwenye mkoba mdogo. Funga kiunoni, pindo la chini lifike chini ya goti, fundo likae ubavuni. Fundo la mbele hulegea unapopanda bajaji. Dera nalo linafaa, ila ni zito kubeba na ukilivaa juu ya jasho linanata mgongoni.

Tahadhari moja: soma jina la khanga kabla hujaibeba. Ukiingia kwa mjumbe na khanga ya mafumbo, kuna mtu pale ataamini umemlenga yeye, na barua yako itachelewa.

Ofisi za serikali ni habari nyingine. Waraka wa mavazi wa mwaka 2007 unawahusu watumishi wa umma, lakini mlinzi wa getini humpimia hata mgeni kwa kipimo hicho. Ofisi nyingi zimebandika bango lenye picha za nguo zisizotakiwa, na pensi, nguo za kubana na kandambili hazikosekani. Serikali ya mtaa huwa na uvumilivu kidogo kwa sababu mnajuana. Halmashauri na mahakamani, usijaribu. Msibani ndiyo kabisa, hata kama unapita kutoa mkono wa pole dakika 5.

Ovaloki
Naongezea upande wa kitambaa, maana nusu ya aibu inatoka hapo.

Taiti nyingi ni poliesta au nailoni iliyochanganywa na uzi wa kuvutika. Ikiwa nyembamba, gizani dukani inaonekana nyeusi tii, lakini ukiinama juani inakuwa chandarua. Ipime kabla ya kulipa: ingiza mkono ndani sehemu ya makalio, tanua vidole hadi kitambaa kivutike kama kitakavyovutika mwilini, kisha toka nje juani. Ukiona mpaka wa kucha na ngozi, iache. Taiti za mtumba zipimwe hivyo zaidi, kwa sababu uzi wa kuvutika huwa umeshachoka.

Angalia pia katikati ya mapaja. Nzuri ina kipande cha ziada cha pembe nne pale. Isiyonacho, mishono minne inakutana sehemu moja, na hapo ndipo inapochanikia. Ikichanika, fundi asipige mshono ulionyooka wa kawaida: kitambaa kitavutika, uzi hautavutika, utakatika siku hiyohiyo. Apige zigizaga na sindano ya vitambaa vya kuvutika.

Rangi: fulana ya pamba ya kijivu ndiyo msaliti mkubwa, tone moja la jasho linaonekana toka ng'ambo ya barabara. Nyeusi inaficha unyevu, lakini likikauka inabaki michirizi myeupe ya chumvi mgongoni, na wewe huioni. Bluu ya giza yenye maua maua au mistari inastiri yote mawili.

Kijiweni
Nitapingana kidogo na MamaDoti. Mwanamke anaambiwa ajifunge khanga, huku mwanaume anapita na bukta inayoishia katikati ya paja na singlendi iliyochanwa ubavuni, hakuna anayesema. Maneno ya kijiweni hayaishi hata ukivaa gunia. Anayekwenda genge mita 200 na taiti na fulana ndefu inayofunika makalio amejistiri vya kutosha.

Ila wanaume nao wana mipaka yao. Bukta dukani sawa. Bukta kwa wakwe, hapana. Mzee aliyevaa traksuti kamili, koti na suruali, anaitwa kocha na kupewa kiti. Avae bukta, anaonekana amefiwa na akili. Msikitini hakikisha inavuka goti, na fulana iwe ndefu: ukisujudu jezi fupi inapanda na mgongo unabaki wazi. Jezi yenye jina na namba mgongoni inawapa wa nyuma yako kitu cha kusoma.

Jezi za Simba na Yanga zinakubalika karibu kila mahali mtaani, isipokuwa asubuhi baada ya kufungwa. Siku hiyo ukienda kununua nyanya na jezi ya aliyefungwa, tenga dakika 20 za utani.

Ovaloki
Nimesahau kubwa kuliko zote: mabakamabaka. Taiti, pensi na kofia za mazoezi zenye mabaka ya kijeshi zimejaa kwenye mtumba, na hapa Tanzania raia haruhusiwi kuzivaa. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo wazisalimishe. Kusema "ni ya mazoezi tu" hakukusaidii. Usinunue hata ikiwa ya pinki.

MzungukoWaAsubuhi
Asanteni sana. Na harufu? Kuna fulana zinatoka kwenye kamba safi, ukivaa dakika 10 tu zinaanza.

MamaDoti
Hiyo ni poliesta. Mafuta ya mwili yanaing'ang'ania, bakteria wanabaki humo, na jasho jipya linawaamsha. Sabuni nyingi haisaidii, inabaki kwenye nyuzi na kuongeza uchafu. Geuza nguo ndani nje, loweka nusu saa kwenye lita 4 au 5 za maji baridi yenye nusu kikombe cha siki nyeupe, kisha fua kwa sabuni kidogo na suuza mara mbili. Siki usiichanganye na jiki kamwe, hutoa gesi ya sumu. Jiki yenyewe na maji ya moto vinaua uzi wa kuvutika. Dawa ya kulainisha nguo nayo acha, inafunga vitundu vya kitambaa. Anika kivulini, pasi isiguse.

Usiifungie nguo mbichi kwenye begi hadi jioni. Na kabla ya kwenda kwa watu, kaa dakika 10 hadi 15 jasho likatike, jifute kwapa na shingo kwa kitambaa chenye maji, badilisha fulana tu. Suruali inaweza kusubiri.

Pesa nazo zisikae kwenye sidiria wala soksi. Muuza mboga akipokea noti iliyolowa jasho ataishika kwa ncha za vidole viwili, aianike juu ya mchicha, ndipo akutafutie chenji. Nunua kibegi cha kiunoni chenye zipu.

Kijiweni
Na kwenye daladala kaa dirishani, abiria.