Mafundi wa majiko ya kupashia nyumba joto, "halitoi moshi" siyo kipimo!

Wakuu, hii kauli imenichosha. Fundi anafunga jiko la kuni, anawasha vijiti viwili, anatoka nje kuangalia dohani, akiona moshi unapanda anageuka: "Bosi, liko salama, ndani halitoi moshi." Anachukua chake, anaondoka. Huko ni kucheza kamari na roho za watu.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Na hatari yake iko zaidi pale ambapo hakuna moshi wa kuona: moto umeshuka, yamebaki makaa mekundu, mwenye nyumba kabana tundu la hewa ili joto lifike asubuhi. Dohani inapoa, mvuto wa kwenda juu unalegea. Ule upenyo ambao moto ukiwaka vizuri ulikuwa unafyonza hewa ya chumbani kuingia kwenye bomba, sasa unatema gesi chumbani. Watu wamelala. Vijiti viwili vya fundi vitakuonyesha nini hapo?

Tukija kwenye mabomba ndiyo aibu kabisa. Ncha iliyofinywa mikunjo inatakiwa ielekee chini, upande wa jiko, ili lami ya moshi ikichuruzika ibaki ndani. Wengi wanaigeuza juu, baada ya muda unaona michirizi myeusi nje ya kiungo, na wanakuambia ni kutu. Kila kiungo skrubu tatu. Wao wanazungushia tepu ya alumini! Gundi ya tepu inakauka kwa joto, inabanduka, kiungo kinabaki wazi. Mwingine anapaka silikoni ya bafuni. Kwenye bomba la jiko la kuni ni saruji ya kuhimili moto, basi. Na bomba la kulala linatakiwa linyanyuke kuelekea dohani, angalau sentimita 2 kwa kila mita. Likiwa bapa masizi yanatuama humo na kuziba njia.

Kukagua hakuhitaji digrii. Jiko likiwa baridi, zima taa usiku, weka tochi kali ndani ya jiko, funga mlango, zunguka taratibu. Mwanga ukichungulia kwenye kiungo au ufa, umepata tundu. Usipouona bado usishangilie, maana mwanga haupindi kona.

Mlango unapimwa kwa karatasi. Weka kipande cha upana wa vidole viwili kwenye ukingo, funga, vuta. Kinatakiwa kigome. Kikiteleza kama barua kwenye bahasha, kamba ya kuziba hewa kwenye ukingo wa mlango imekufa au kitasa kimelegea. Kaza kitasa kwanza. Rudia kila sentimita 10 hivi, hasa kwenye pembe na upande wa bawaba. Ukibadilisha kamba, nunua unene uleule na usiivute wakati wa kubandika, ukiivuta inakonda na hukufanya kitu.

Halafu udi. Moto ukiwa umekolea, funga madirisha, washa feni zote za kutoa hewa, za jikoni na za bafuni, kwa sababu ndizo zinazoshindana na dohani. Pitisha udi sentimita mbili tatu kutoka kwenye kila kiungo. Moshi wa udi ukifyonzwa kwenye kiungo, pana upenyo. Ukisukumwa kuja kwako, gesi inatoka: fungua madirisha, zima feni, toa watu nje. Hewa ikishasafika, rudia dirisha likiwa wazi kidogo. Mvuto wa dohani ukirudi, nyumba ilikuwa inakosa hewa ya kuingia. Kisha rudia zoezi lote moto ukiwa makaa. Hapa ndipo karibu kila mtu anaruka, na hapa ndipo penyewe.

"Nina king'ora cha kaboni monoksidi." Vizuri, lakini kwa kiwango cha Ulaya, EN 50291, gesi ikiwa sehemu 50 kwa milioni, king'ora kinalia baada ya dakika 60 hadi 90. Kukaa kimya hakumaanishi gesi ni sifuri. Kile kitufe cha kujaribia mara nyingi kinapima betri na sauti tu, siyo kihisi, kwa hiyo geuza nyuma usome tarehe ya mwisho. King'ora cha moshi ni kitu kingine kabisa.

King'ora cha gesi kikilia, toka na wote waliomo, piga simu ya dharura ukiwa nje. Usibaki kutafuta tundu. Na wale wa kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni ya damu: kinaweza kusoma asilimia 98 mtu akiwa amelewa gesi, kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Mwambie daktari kuna jiko nyumbani, apime damu.

Fundi akimaliza, asiondoke hadi moto ushuke kuwa makaa, apitishe udi mbele yako. Akisema ana haraka, na wewe huna haraka ya kumlipa.

NYONGEZA: Aliyeuliza majiko ya vidonge vya mbao, hayo feni ndiyo inasukuma moshi, kwa hiyo bomba likiwa na upenyo linatema hata moto ukiwaka vizuri. Yanataka bomba lake maalum lenye pete za kuziba kila kiungo. Pitisha kidole: ukikuta vumbi la majivu laini nje ya kiungo, linavuja, usiliwashe.