Tupeane uzoefu: Muvi ya kuchekesha uliyoipenda sana, sehemu ya pili ikakuangusha

Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi.

Kwetu Temeke, Coming to America ya 1988 ulikuwa mkanda wa sikukuu. Kava lilishachakaa hadi sura ya Eddie Murphy ikafutika, lakini Idi au Krismasi lazima uingie kwenye deki. Kiingereza kile cha haraka marehemu baba hakukipata, ila Akeem alimwelewa vizuri sana: mwana wa mfalme kaacha raha za Zamunda, kaenda Queens, New York, anapiga deki kwenye mgahawa wa watu ili apendwe yeye, isiwe mali ya baba yake. Na pale kinyozi! Wazee wanabishana nani mkali kati ya Joe Louis, Marciano na Ali, hakuna anayekubali yaishe. Baba alisema hao ni vinyozi wa Tandika kabisa, kasoro Simba na Yanga. Majina yalipoanza kupita mwishoni ndipo tukajua yule mzee wa Kizungu pale saluni naye ni Eddie Murphy. Mama alitaka turudishe nyuma tumtazame upya, tukarudisha mara tatu.

Machi 2021 ikatoka ya pili, miaka 33 baadaye. Baba keshatangulia. Nikanunua bando, nikaunganisha simu kwenye TV, nikawaita mama na wadogo zangu. Pale mfalme Jaffe Joffer anapofanyiwa mazishi angali hai, asikie mwenyewe anavyosifiwa, mama alitulia kimya, mkono shavuni. Baada ya hapo wakaanza kupita wale wale: wazee wa kinyozi, mchungaji, mwimbaji wa nywele za mawimbi, kila mmoja na utani wake wa zamani. Mama akasema, "Hawa wamekuja kutusalimia tu," akanyanyuka kwenda kupalia wali.

Nimeifikiria sana hii. Ya kwanza tulicheka kwa sababu mwenye kila kitu kashika ufagio, na sisi tunaijua siri ambayo wenzake kazini hawaijui. Ya pili Akeem ni mfalme, muda mwingi tuko ikulu, hana cha kuficha. Mwanawe Lavelle katolewa Queens kapelekwa kwenye utajiri, anafundishwa adabu za kifalme. Nani amwonee huruma?

Haya, karibuni. Ya kwako ni ipi?

*

Pole kwa kumpoteza mzee, mkuu. Mimi ni Mr Bones. Ile ya 2001 niliiona kibanda umiza, Mbagala, tumebanana kwenye mabenchi. Hatukuhitaji mtafsiri. Mganga wa Kizungu katoka kijijini kumfuata mcheza gofu Sun City, Afrika Kusini, akiamini ndiye mtoto wa mfalme, na kila anachogusa kinaharibika. Ya pili ilipotoka mwenye kibanda aliiandika kwa chaki kubwa ubaoni, tukajaa hadi nje. Humo Bones anarushwa kutoka zama za kale hadi Durban ya leo. Kabla haijafika nusu watoto wa mbele wakaanza, "Weka ya kwanza! Weka ya kwanza!" Yule bwana alitoa CD, akaifuta na shati lake, akaweka ya kwanza. Hakuna aliyedai hela yake.

*

Mimi nilikuwa nauza CD Kariakoo. Shida ya pati tu (sehemu ya pili) nyingi za muvi za Bongo ilikuwa nyingine: hadithi ni moja, imekatwa katikati iuzwe mara mbili. Mteja anarudi amekasirika, na ana haki.

*

Naomba kuwa tofauti kidogo, kaka zangu. Marehemu bibi yangu alikuwa Msandawe, tulimtoa Kondoa kuja kutibiwa hapa mjini. Siku hiyo tukaweka The Gods Must Be Crazy ile ya chupa. Aliposikia N!xau, mwigizaji mkuu, anaongea kwa kupiga vidoko vya ulimi, aliinuka kitandani akauliza, "Huyu ni wa wapi?" Maneno hakuyaelewa, lugha ni nyingine, lakini milio ile ilimkumbusha kwao. Ya kwanza alicheka. Ya pili, ile ya 1989 ambayo watoto wawili wa N!xau kwenye muvi wanachukuliwa na lori na baba anafuata nyayo, hakucheka sana, alikuwa anaitazama kwa moyo wote. Usiku ule ule akaniamsha: "Hao watoto wamepatikana?" Alikuwa amesinzia kabla ya mwisho. Nikamwambia wamepatikana, bibi.

Wenzangu wote nyumbani wanasema ya kwanza ndiyo kali. Mimi ya pili siwezi kuisema vibaya.

*

Dada, ya bibi imenigusa. Na nakubaliana na wewe: yule baba wa ya pili kapewa safari mpya na uchungu mpya, hakurudishwa kuokota chupa ile ile.

Mkanda wa baba bado ninao kabatini. Deki ndiyo ilikufa. Mwenye deki nzima ya VHS anayeuza, hata kama ni Gongo la Mboto nitaifuata, aniambie hapa hapa. Mama anataka kuwaona wale wazee wa kinyozi Idi hii.