Kuhesabu buabua wanaotaga bila kupanda kisiwani (Watamu)

Mwana_Mida:
Salaam jamani. Mimi natembeza wageni hapa Watamu. Msimu huu tumejikusanya vijana wachache, kazi ya kujitolea, tufuatilie buabua, wale ndege wa baharini, wanaotaga Whale Island, lile jiwe lililo mbele ya mlango wa hori la Mida. Kusi limeshashika na juu kumejaa ndege.

Tunabishana namna ya kuhesabu. Mwenzetu mmoja aliyetoka chuo anashikilia tupande, tupite kiota kwa kiota, ndiyo hesabu ya kweli. Mimi moyo unakataa. Juzi boti ya wageni ilisogea mpaka ubavuni mwa mwamba, ndege wakaruka wote, na kabla boti haijageuka kunguru wawili walishatua. Mmoja aliondoka na yai.

Je, tukiwa majini tunaweza kupata hesabu ya maana? Na tuandike nini? Daftari letu kwa sasa lina "ndege wengi sana", kurasa tatu.

Bi_Darubini:
Mwanangu, usipande. Yai la buabua limelazwa juu ya jiwe tupu. Saa sita mchana mama halipashi joto, analikinga na jua. Mkimwinua, kama kunguru hakulila, jua litalipika.

Kwanza nendeni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mjulikane, maana pale ni hifadhi ya bahari tangu 1968. Mkishajulikana, hata hizo boti mtakuwa na pa kuzishtaki.

Kisha tieni nanga mbali. Msiniulize mita ngapi. Mkiona ndege walioatamia wanainua shingo kuwatazama, mmekaribia mno. Chagueni sehemu mbili za kusimama na mrudi hapo hapo kila mara. Pigeni picha kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ipishane kidogo na ya kabla yake, halafu nyumbani mtie nukta kwenye kila ndege aliyelala. Aliyesimama si kiota, huenda ni mume kaleta samaki. Wahesabu wawe wawili, kila mtu peke yake, na namba zote mbili ziandikwe. Zikipishana ziacheni zipishane, msikae kupatana kama mnauziana mbuzi.

Hiyo ni kwa yule mwenye mkia mrefu mweupe na kifua kinachopiga waridi, Sterna dougallii. Mdomo wake huanza mweusi, ukazidi wekundu msimu ukiendelea. Yule mwingine mwenye mgongo wa kahawia, Onychoprion anaethetus, hutaga yai moja nyufani na kiota chake hamtakiona. Kwake andikeni wazima waliosimama ukingoni, basi.

Daftarini: tarehe, saa, maji yanajaa au yanatoka, upepo, boti zilizosogea, kunguru. Siku ya kwanza mtakayoona mzazi anamlisha kifaranga kisamaki, siyo mwenzake, iandikeni kwa wino mwekundu, maana vifaranga vimeanguliwa. Yai huatamiwa wiki tatu na ushei, na kifaranga huruka baada ya kama wiki nne. Siku hiyo moja itawaonyesha walitaga lini na wataondoka lini.

Na mwaka mkiwakosa, andikeni sifuri. Ndege hawa ni vigeugeu, huhama mwamba bila kuaga.

Nahodha_Mstaafu:
Bi mkubwa kamaliza. Langu ni la maji. Msiende wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana. Maji yakitoka Mida, mkondo wa mlangoni utakokota nanga na picha zenu zitakuwa za mawingu. Ngojeni maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, mtoke alfajiri. Jua likishapanda kusi nalo linapanda, na chombo kidogo hakitulii.

Mswahili_Dublin:
Nadhani najua mwenzenu wa chuo kayatoa wapi. Huku Ireland kuna kisiwa cha Rockabill, kina zaidi ya jozi 1,000 za huyo huyo Sterna dougallii, na kweli viota hukaguliwa kimoja kimoja. Lakini walinzi wanaishi kisiwani msimu mzima, ndege wamewazoea, na wengi hutaga ndani ya visanduku vya mbao walivyowekewa. Jua la huku nalo ni dogo, mnalijua.

Mwana_Mida:
Ahsanteni sana, nimemtumia jamaa ayasome. Shikamoo Bi, bado moja. Kuna wakati wanaruka wote ghafla, kelele zinakatika, wanashuka chini chini juu ya maji kisha wanarudi. Boti hakuna, kunguru hakuna. Ni sisi tunawatisha?

Bi_Darubini:
Marahaba. Hiyo ni desturi yao, hasa mwanzoni mwa msimu. Wakirudi upesi na kulala, endeleeni na picha. Wakibaki hewani wanawapigia kelele juu ya vichwa, hao wanawafukuza. Ng'oeni nanga.